Fahamu: Mchoro wa Bryullov unasema kweli gani kuhusu Pompeii?

Karl Bryullov, mchoraji wa Urusi, alikamilisha "Siku ya Mwisho ya Pompeii" mwaka 1833, baada ya kuyatembelea magofu ya mji huo ulioangamizwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Wapo wanaouona mchoro huo kuwa maigizo matupu: radi, sanamu zinazoporomoka, nyuso zilizojaa hofu. Hoja wanayo, kwani kijana anayemsihi mama yake akimbie ni Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi, na siku ile alikuwa Misenum, ng'ambo ya ghuba. Lakini tukio hilo la mama na mwana limetoka katika barua ya Pliny mwenyewe, na barabara iliyochorwa ni ile ya makaburi, iliyofukuliwa kweli. Mahali pamebadilishwa, hofu haikubuniwa.

Tena tazama katikati: mwanamke aliyeanguka kutoka garini amelala amekufa, na mtoto wake mchanga kando yake angali hai. Pembeni, wana wamembeba baba yao mzee. Hakuna jemadari wala mfalme anayetawala picha. Umati wenyewe ndio mhusika mkuu, na kwangu huo ndio ukubwa wake. Turubai hilo, lenye upana wa mita 6.5, limo katika Makumbusho ya Urusi, St Petersburg.