Ufaransa: Katika masoko ya Zama za Kati, mvua moja inaweza kula faida ya mwezi mzima

Kila mwaka, mwezi wa sita, mji mdogo wa Provins, ulio mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Paris, unajaa watu waliovaa kanzu za sufu, viatu vya ngozi na kofia za chuma. Wapiga ngoma wanapita barabarani, farasi wanafuata nyuma, na chini ya kuta za mawe wachuuzi wanapanga mikanda, vyungu, asali, vito na panga. Sherehe hiyo inaitwa Les Médiévales. Kwa wageni ni siku mbili za kufurahi, lakini kwa mchuuzi ni siku mbili za kutafuta kodi ya nyumba.

Masoko ya namna hii ni mengi Ulaya. Nchini Ufaransa yako pia Bayeux, Dinan na katika miji mingine midogo yenye kuta za zamani. Ujerumani na Ubelgiji nazo zinayo. Yote yanakumbusha Zama za Kati, yaani wakati ulioanza karne ya 5 na kuisha karne ya 15. Kuna watu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Majira ya baridi yakiisha wanapakia gari, wanazunguka mji kwa mji, na kurudi nyumbani majani yanapoanza kuanguka. Wengi wao ni mafundi: wanauza kile walichokitengeneza kwa mikono yao.

Kupata nafasi si jambo dogo

Mtu hawezi kufika tu na meza yake. Miezi mingi kabla ya sherehe, mchuuzi anatuma faili kwa watayarishaji: picha za hema lake, picha za mavazi yake, orodha ya vitu anavyouza na karatasi ya bima. Watayarishaji wanachagua. Wakikuta tayari wana mafundi watano wa ngozi, wa sita anaambiwa angoje mwaka ujao. Anayenunua vitu vya kiwandani kwa bei ya chini na kuviuza kama kazi ya mkono hufukuzwa mahali pengi, kwa sababu anaua bei ya fundi wa kweli.

Serikali nayo ina masharti yake. Anayeuza nje ya mji anakokaa lazima awe na kitambulisho cha mchuuzi anayezunguka, kinachodumu miaka 4. Anayeuza panga na visu vikubwa lazima ahakikishe mnunuzi ametimiza miaka 18. Na mnunuzi mwenyewe haruhusiwi kutembea mjini na upanga kiunoni bila sababu inayokubalika.

Halafu kuna sheria za uwanja. Saa ya mkononi inavuliwa. Viatu vya michezo, viti vya plastiki na mifuko ya nailoni vinafichwa. Friji ya muuza jibini inafunikwa kwa gunia, na mashine ya kulipia kwa kadi ya benki inakaa chini ya kitambaa mpaka mteja aiulize. Mchuuzi anavaa sufu au kitani mchana kutwa, hata jua la mwezi wa saba likiwa kali. Mgeni amelipa ili aone wakati mwingine, kwa hiyo duka lenyewe ni sehemu ya onyesho. Fundi anayeshona au kufua chuma mbele ya watu huwavuta wengi kuliko yule aliyekaa akingoja.

Hesabu ya siku mbili

Tuchukue mfano wa fundi wa ngozi anayesafiri kilometa 400. Tuseme analipa nafasi ya uwanjani euro 250, mafuta na ushuru wa barabara kuu euro 200, na chakula euro 60. Kabla ya kuuza hata mkanda mmoja, amekwisha kutoa euro 510.

Akiuza vitu vya euro 1.400, ngozi na uzi vilivyotumika vinaweza kuchukua theluthi moja, kama euro 470. Kwa mafundi wadogo waliojiandikisha katika mfumo rahisi ulioanza Ufaransa mwaka 2009, serikali inachukua mchango wa kijamii wa karibu 12 kwa mia juu ya mauzo yote, si juu ya faida. Hapo zinatoka euro 168. Anabaki na euro 252. Pesa hizo ndizo malipo ya siku mbili za kuuza, siku mbili za njia, na siku zote alizokaa nyumbani akikata na kushona.

Sasa tuseme mvua inanyesha Jumapili na mauzo yanashuka hadi euro 700. Nafasi imelipwa, mafuta yamechomwa. Ngozi inachukua euro 235, serikali euro 84. Fundi anarudi nyumbani akiwa amepoteza euro 129. Mvua ikirudia mwisho wa juma unaofuata, faida ya mwezi inaweza kuisha. Ndiyo maana wachuuzi hawa wanatazama habari za hali ya hewa kama mkulima anavyotazama mawingu.

Upepo nao ni adui. Hema la kitambaa likibebwa na dhoruba, linaweza kuangukia meza ya jirani au kumuumiza mpita njia. Vitu vya ngozi vikilowa vinaota ukungu, na chuma kinashika kutu usiku mmoja tu.

Kinachowaokoa wengi ni vitu vidogo. Upanga mzuri wa chuma unapigwa picha na watu wengi na kununuliwa na wachache. Upanga wa mbao wa mtoto, pete ya bei rahisi na kikombe cha udongo ndivyo vinavyolipa mafuta ya kurudi.

Jirani ndiye bima ya kwanza

Usiku, wageni wakiondoka, uwanja unabadilika. Wachuuzi wanalala ndani ya magari au nyuma ya mahema yao, karibu na mali. Wanapika pamoja. Mmoja akienda kuoga, mwingine anamchungia meza. Jioni ya Jumapili wanabadilishana vitu bila pesa: asali kwa mkoba, chungu kwa kisu. Wanaambiana pia habari zinazowasaidia kuishi: watayarishaji gani wanatimiza ahadi, uwanja gani unageuka tope, sherehe gani imepandisha bei ya nafasi.

Undugu huo ulijaribiwa mwaka 2020. Tarehe 13 mwezi wa nne, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba, kwa sababu ya Covid-19, sherehe kubwa hazitafanyika angalau mpaka katikati ya mwezi wa saba. Kwa mtu ambaye mapato yake ya mwaka hutoka katika miezi michache ya joto, tangazo hilo lilifunga sehemu kubwa ya msimu. Vitu vilikuwa vimetengenezwa tayari, ngozi na chuma vimelipiwa, lakini hapakuwa na mahali pa kuuza.

Wale wa kwanza walitegemea barabara

Provins haikuchagua historia hii kwa bahati tu. Katika karne ya 12 na ya 13, mji huu ulikuwa mmoja wa miji minne ya eneo la Champagne, pamoja na Troyes, Lagny na Bar-sur-Aube, iliyopokezana masoko sita makubwa kila mwaka. Wafanyabiashara wa Flanders, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ubelgiji, walileta vitambaa vya sufu. Wale wa Italia walileta hariri na viungo vya chakula kutoka Mashariki. Pesa za Provins zilipokelewa mbali na Provins. Kwa sababu ya historia hiyo, UNESCO iliuandika mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001.

Nguvu ya masoko hayo haikuwa uwanja wala bidhaa peke yake. Watawala wa Champagne waliahidi kumlinda mfanyabiashara akiwa njiani. Akiporwa katika nchi ya bwana mwingine, walinzi wa masoko walimdai bwana huyo alipe. Akikataa, wafanyabiashara wake wote walizuiwa kuingia sokoni. Mwaka 1209, mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa naye aliwahakikishia usalama wale waliokuwa wakielekea Champagne.

Mambo yalianza kuharibika mwishoni mwa karne ya 13. Vita kati ya mfalme wa Ufaransa na Flanders vilivuruga njia. Kuanzia miaka ya 1270, meli za Genoa zilianza kupeleka mizigo Flanders kwa bahari. Polepole wafanyabiashara waliacha kufika. Kuta za Provins zilibaki zimesimama, lakini biashara ilikuwa imehamia kwingine.

Mchuuzi wa Butembo au wa Uvira hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Anajua kwamba soko linaweza kufa barabarani kabla ya kufa uwanjani, na kwamba bei ya kitu inabeba pia hofu ya njia. Fundi wa leo wa Provins amepona hofu ya majambazi. Yake ni mvua, bei ya mafuta na barua ya watayarishaji. Lakini kama wale wa miaka 800 iliyopita, analipa kwanza, anasafiri, na anajua kama alifanya vizuri siku ya mwisho tu, anapohesabu kilichobaki mfukoni.