Ngamia kapambwa, mgongo nani kautazama?

NI wazazi wachache wanaofika pwani ya Mombasa na watoto wakati wa likizo ya Disemba, kisha wakarudi nyumbani bila kuwapandisha ngamia. Mnyama huyo mrefu, aliyetandikwa kitambaa chekundu chenye matamvua ya kila rangi, kengele zikilia shingoni, huwavutia watoto kuliko hata bahari yenyewe.

Ndivyo ilivyomtokea mwandishi huyu miaka michache iliyopita. Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alimchagua ngamia wake kutoka mbali.

"Mama, nataka yule aliyevaa kama bi harusi," alisema.

Tulipatana bei na mwenyewe, na ngamia akapigishwa magoti mchangani. Hapo upepo wa kaskazi ukafunua pindo la kile kitambaa. Ubavuni, chini kidogo ya tandiko, kulikuwa na kidonda kibichi cha upana wa kiganja. Inzi walikuwa wamekwisha kukigundua kabla yetu.

"Hicho ni kijidonda tu, mama," mwenye ngamia aliniambia kwa upole, huku akikifunika. "Tandiko limemchubua. Mtoto hatakikalia."

Binti yangu alirudi nyuma. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mama, wamemfunika ili apone, ama ili sisi tusione?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, kumpamba mnyama kwa ajili ya furaha ya binadamu ni kumtesa?

Pambo la mapenzi

Mwanzo ni haki tukiri kwamba desturi hii haikuletwa na watalii. Miongoni mwa Waturkana na Wapokot, kijana huwa na fahali wake mmoja anayempenda kuliko wote. Humvisha kengele shingoni, humwimbia na hata kuitwa kwa jina linalotokana na rangi ya fahali huyo. Mfugaji wa aina hiyo hawezi kuambiwa kwamba hampendi mnyama wake.

Hata hivyo, mapenzi peke yake hayamwondolei mnyama maumivu. Kengele nyepesi haimdhuru fahali. Lakini baadhi ya wafugaji hao huzilazimisha pembe za fahali ziote kwa mkunjo wanaoutaka wao. Pembe si kama ukucha. Ndani yake mna mfupa wenye damu na mishipa ya fahamu. Pambo la kwanza mnyama hulivaa. La pili hulilipia.

Kuna pia mapambo ambayo hayaumi siku yanapotiwa, lakini gharama yake huja baadaye. Huko Bikaner, katika jimbo la Rajasthan nchini India, manyoya ya ngamia hunyolewa kwa ustadi mkubwa hadi yakatokeza picha za maua na wanyama. Mkasi hauumi. Lakini manyoya ya ngamia ni kivuli chake. Katika miaka ya 1950, mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen alichunguza ngamia katika jangwa la Sahara na kuona kwamba aliyenyolewa alipoteza maji kwa jasho kwa kiasi cha asilimia 50 zaidi ya yule aliyeachiwa manyoya yake.

Urembo wa sindano

Tamaa inapoingia, mambo huharibika kabisa. Mnamo Disemba 2021, katika tamasha la ngamia la Mfalme Abdulaziz nchini Saudi Arabia, ngamia zaidi ya 40 waliondolewa katika mashindano ya urembo. Waamuzi waligundua kwamba baadhi yao walikuwa wamedungwa sindano za kulainisha misuli ya uso na za kuijaza midomo, wengine wakapewa homoni, na wengine wakafungwa mipira ili sehemu za mwili zivimbe. Zawadi za tamasha hilo zilifikia dola milioni 66 za Marekani.

Ngamia hajui kama mdomo wake ni mzuri. Sindano ilikuwa ya mwenyewe, na fedha pia.

Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimkatazi mtu kumfunga ng'ombe wake utepe. Inachoharamisha ni kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumbebesha kupita kiasi, au kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ameumia kiasi cha kutoiweza kazi hiyo. Kwa maneno mengine, sheria haitazami kitambaa. Inatazama kilicho chini yake.

Lawama pia ni yetu

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni rahisi kumlaumu yule mwenye ngamia, lakini tukumbuke kwamba anatafuta unga wa watoto wake. Anafahamu fika kwamba ngamia asiyepambwa hupitwa na wateja. Ni sisi tunaolipia matamvua, wala hatuulizi habari za mgongo. Laiti tungeuliza, kitambaa kingefunuliwa kila asubuhi na kidonda kingetibiwa mapema.

Kule Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa kila kitu, shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilianza kuwatibu punda mnamo 1987. Kumewahi kufanywa mashindano huko ya kuwatuza wenye punda waliotunzwa vyema. Huo ni urembo wa aina nyingine: afya ya mnyama ndiyo pambo lake.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kumpandisha mtoto, mwombe mwenyewe afunue tandiko uone ngozi. Tazama kama pua na midomo ina majeraha ya kamba. Uliza mnyama amekunywa maji saa ngapi na kama ana kivuli cha kupumzikia. Mwenye mnyama mzima hatachukia kuulizwa.

Na nyumbani vilevile. Ukanda wa shingoni mwa mbwa au paka uache nafasi ya vidole viwili. Usimpake mnyama rangi ya nywele wala ya nyumba, kwani atajilamba na kuimeza. Nguo uliyomvisha mbwa ili watoto wacheke, ivue akianza kuhema au kujikuna.

Siku ile hatukumpanda yule "bi harusi". Nilimsihi mwenyewe ampumzishe na kumwita daktari wa mifugo, naye akaitikia kwa kichwa. Sijui kama alifanya hivyo. Mbele kidogo tulimkuta ngamia mwingine aliyetandikwa gunia safi tu, bila kengele wala matamvua. Binti yangu alimzunguka mara mbili, akainama kumchungulia chini ya gunia, ndipo akakubali kupanda.

Picha yake ingali ukutani sebuleni kwetu. Wageni huuliza kwa nini tulimchagua ngamia asiye na pambo lolote. Binti yangu ndiye huwajibu.