Daftari Linaweza Kumsaidia Mwanafunzi Kujifahamu

Je, umewahi kumuuliza mwanafunzi "una tatizo gani?" akakujibu "hamna", huku macho yake yakisema jambo jingine?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Kawetele, Tukuyu. Ninapokwenda shuleni kutoa elimu ya afya ya vijana, nikisema "mwenye swali anyooshe mkono", darasa zima linanyamaza. Nikigawa vipande vya karatasi na kuwaambia wasiandike majina, maswali yanajaa boksi. Kilichowazuia ni aibu, maana maneno wanayo.

Kuandika kunasaidiaje?

Kijana wa umri wa balehe anabadilika mwili, hisia na mawazo kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wengi hawatambuliwi wala kusaidiwa.

Anapoandika, kijana anapanga mambo yaliyovurugika kichwani: nini kilitokea, nilijisikiaje, nataka nini. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu mambo mazito yaliyowaumiza, pamoja na hisia zao, walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo usishangae mtoto akinyong'onyea kidogo, na usimwache peke yake.

Mwalimu, anza hivi

• Tenga dakika 10 hadi 15, mara moja kwa wiki. Daftari la kawaida linatosha.
• Anza na mada nyepesi: "Kitu ninachokifanya vizuri", "Siku niliyojivunia", "Mtu ninayemwamini". Usiwalazimishe kuandika kuhusu machungu.
• Waache waandike kwa lugha iliyo karibu na moyo: Kiswahili, Kinyakyusa, au vyote kwa pamoja, hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza.
• Weka pembeni kalamu nyekundu. Usisahihishe tahajia wala kutoa alama. Ukiweka alama, mtoto ataandika unachopenda wewe.
• Asiyetaka kusomwa akunje ukurasa. Heshimu mkunjo huo.
• Usisome maandishi ya mtu mbele ya wenzake bila ridhaa yake.

Kosa langu

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Siku moja nilikuwa nasoma maswali ya kwenye boksi kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kuyapitia kwanza. Karatasi moja ilisema mwandishi anaogopa kurudi nyumbani jioni kwa sababu ya ndugu anayeishi pale. Haikuwa na jina, lakini wenzake waligeuka kumtazama msichana mmoja. Aliinamisha kichwa. Nilipokuja tena, karatasi yake ilikuwa tupu. Mwalimu wa malezi ndiye aliyemfikia polepole, akasaidiwa. Lakini wiki kadhaa zilipita ambazo mtoto yule hakupaswa kuzibeba peke yake. Tangu siku hiyo nasoma kila karatasi mwenyewe kwanza.

Siri ina mpaka

Waambie wanafunzi ukweli kabla hawajaanza: "Nitakutunzia siri yako, isipokuwa kama kuna hatari kwako au kwa mwingine." Usiahidi kunyamaza kwa kila jambo.

Chukua hatua siku hiyo hiyo ukisoma kuhusu:

• kupigwa, kushikwashikwa au kulazimishwa ngono;
• kutaka kufa au kujiumiza;
• kuozeshwa au kukatishwa masomo;
• kulala njaa mara kwa mara.

Mwite faraghani, msikilize, mshukuru kwa kukuamini. Usimhoji kama polisi, na usimpigie simu mzazi kabla ya kujua hatari inatoka wapi. Shirikiana na mwalimu wa malezi, afisa ustawi wa jamii, kituo cha afya au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unaweza pia kupiga namba 116, simu ya huduma kwa watoto, bila malipo.

Na wewe mzazi

Ukikuta daftari la mwanao chini ya godoro, usilifungue. Kaa naye jikoni mkimenya ndizi, umuulize siku yake ilikuwaje. Akijua utamsikiliza bila kumgombeza, huenda siku moja atalifungua mwenyewe na kukusomea.