Kwa nini dawa ya kipimo cha PET haiwezi kukufuata Mikumi

Uko Mikumi, daktari anakwambia unahitaji kipimo cha PET, kile kinachoonyesha saratani ilipojificha mwilini. Cha kwanza kinachokuja kichwani ni nauli ya Dar. Sasa kwa nini mashine isifungwe tu hospitali ya Kilosa, halafu dawa yake iletwe kwa basi kama chanjo?

Shida ni kwamba dawa yenyewe "inakufa" njiani.

PET hutumia dawa yenye mionzi kidogo inayochomwa kwenye mshipa. Ile ya kawaida ina florini-18, ambayo hupungua nusu kila dakika 110. Mikumi ni kama kilomita 300 kutoka Dar. Basi likitumia saa tano, inafika karibu asilimia 15 tu.

Kaboni-11, inayotumika kwa mfano kutafuta saratani ya tezi dume iliyorudi, ndiyo balaa. Yenyewe hupungua nusu kila dakika 20 hivi. Chukua shilingi 32,768, uzikate nusu kila dakika 20. Baada ya saa tano umebaki na shilingi moja. Hata SGR ingekufikisha Kilosa kwa saa mbili tu, ungebaki na chini ya asilimia 2.

Ndiyo maana dawa hii hutengenezwa jirani na chumba cha kipimo, kwa mashine iitwayo saikrotroni. Nairobi ipo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na kwetu mradi wa saikrotroni uko Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Kuitengeneza nako ni kazi. Saikrotroni hurusha protoni kwa kasi inayozidi kilomita 50,000 kwa sekunde, zikapige gesi ya nitrojeni, ileile iliyojaa kwenye hewa unayovuta. Protoni ikigonga sawasawa kiini cha nitrojeni, kinageuka kaboni-11. Bomba dogo la chuma linaloshika gesi hiyo ndilo linaitwa shabaha.

Tatizo ni joto. Mwale wa kawaida unaweza kumwaga wati 640 ndani ya bomba hilo. Ni kama kuchomeka pasi ndogo ya umeme ndani ya kopo la gesi na kuiacha imewaka.

Gesi ikipata moto hutanuka, na pale mwale unapopita inakuwa nyepesi. Protoni zinapita bila kugonga kitu, yaani umeme umelipia na dawa hupati. Kwa hiyo mafundi huijaza gesi kwa presha kubwa, na bomba mara nyingi hutanuliwa kuelekea nyuma kwa sababu mwale nao husambaa. Maji huzungushwa pembeni, kazi ileile ya rejeta ya lori linalopanda Kitonga.

Sehemu tete zaidi ni mlango wa kuingilia mwale. Ni utando wa chuma mwembamba kuliko unywele: upande mmoja hakuna hewa kabisa, upande wa pili gesi inasukuma. Maji hayawezi kuwekwa hapo, yangezuia mwale. Kwa hiyo zinawekwa tando mbili, na katikati hupulizwa heliamu baridi. Ndiyo, heliamu hiyohiyo ambayo tangu 2016 tunaisikia kuwa iko Rukwa.

Utando ukipasuka, uzalishaji unasimama na miadi ya siku hiyo inaweza kuahirishwa. Kwa mtu wa Masaki ni usumbufu tu. Kwa aliyetoka Kilosa jana, akalala gesti na kufunga kula tangu usiku kwa ajili ya kipimo, ni hela nyingine ya kulala.

Kama una miadi, piga simu kituoni asubuhi kabla ya kutoka ulipolala, uulize kama dawa ya leo imetoka. Na tiketi ya kurudi usiikate mapema.