Gazeti la Juma Lililokwisha Kupita

Katika mwezi wa Oktoba 2011 lilitoka mjini Cape Town, Afrika Kusini, gazeti kubwa lenye habari, makala, picha na michoro, na ndani yake jarida zima la uhakiki wa vitabu, ambalo kwa sura halikuhitilafiana na magazeti mengine yauzwayo njiani, ila kwa jambo moja: tarehe yake ilikuwa ya juma la 18 hadi 24 Mei 2008, yaani zaidi ya miaka mitatu nyuma. Wenyewe waliliita Chimurenga Chronicle, na waliolibuni ni jamaa wa Chimurenga, jarida la sanaa na siasa lililoasisiwa mwaka 2002 na Ntone Edjabe, mzaliwa wa Douala, wakishirikiana na jarida la Kwani? la Nairobi na wachapishaji wa Cassava Republic wa Nigeria.

Juma lile hawakulichagua kwa bahati nasibu. Tarehe 11 Mei 2008, mtaani Alexandra katika jiji la Johannesburg, yalianza mashambulizi juu ya wageni, Wasumbiji na Wazimbabwe na Wasomali na wengineo, yakaenea miji kwa miji hata yakafika Cape Town yenyewe. Na yalipotulia, watu 62 walikuwa wamekwisha uawa, na thuluthi yao, kwa ajabu ya mambo, walikuwa ni raia wa nchi ile ile. Magazeti ya siku zile yaliandika, na picha zao zilizunguka dunia. Lakini mwandishi wa habari ana saa ya kufunga kurasa, naye kesho yake hupewa kadhia nyingine, hivi kwamba msiba wa juma hili husukumwa na mpira wa juma lijalo kabla haujafahamika asili yake. Wasanii hawa walijipa miaka kuandika habari za siku saba, na kwa maoni yangu huo ndio ufundi wao mkubwa kuliko wote: walitwaa tarehe, kitu ambacho mpiga chapa hukiweka bila ya kufikiri, wakaifanya kuwa ndiyo mali ghafi ya sanaa yao.

Tena, msanii aghalabu ni mtu wa peke yake, mwenye wivu na jina lake. Ilhali gazeti halimwachii mtu ukurasa mzima, bali humtaka mwandishi wa riwaya akae safu moja na mpiga picha, mshairi akubali kukatwa beti kwa kuwa nafasi imekwisha, na mwenye kubuni visa asimame bega kwa bega na mwenye kusimulia yaliyotukia, msomaji naye akiachiwa ikhtiyari ya kupambanua. Jamaa wa Nairobi, nafikiri, hawakuhitaji kufundishwa: Kwani? ilikuwa imekwisha toa toleo lake la tano, la juzuu mbili, juu ya uchaguzi wa Kenya na damu iliyomwagika baada yake.

Wako waliokwenda kinyume cha njia hiyo, wakaandika siku zijazo badala ya zilizopita. Tarehe 12 Novemba 2008, katika njia za New York, watu waligawiwa bure maelfu ya nakala za New York Times la uongo, kazi ya msanii Steve Lambert, jamaa wa kundi la wanaharakati wenye mizaha liitwalo Yes Men, na wenzao wengi, lililobeba tarehe ya 4 Julai 2009 na kutangaza kwamba vita vya Iraq vimekwisha. Lilichekesha, na likasomwa siku moja. Matumaini huandikika upesi; yaliyopita yana mashahidi, na mashahidi hawakubali mzaha.

Lakini Chronicle nayo ina aibu yake. Sehemu yake kubwa ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wasomi, na waliochomewa vibanda vyao hawakuwa wasomaji wake. Kwa hiyo nawasihi wasanii wa Nairobi, Mombasa na Kisumu: ipo siku ya 30 Desemba 2007, ambayo Rais wa Kenya, baada ya uchaguzi ule, aliapishwa wakati wa magharibi na nchi ikawaka moto usiku ule ule, nayo, nijuavyo, haijapata gazeti lake kwa Kiswahili. Likusanyeni. Na wakuu wa magazeti yetu, ambao mitambo yao hukesha usiku na kushinda kimya mchana, wawafungulie milango ya matbaa zao.