Banda, Diko na Chelezo: Mahali pa Chombo Kisichosafiri

Mushaki iko milimani, katika nchi ya malisho ya Masisi, lakini barabara ishukayo kutoka huko hufika Sake, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mfasiri wa eneo hilo akutanapo na maandishi ya Ulaya yanayotaja nyumba ya ufukweni ambamo mashua huingia na kulala chini ya paa, huandika "banda la mashua". Si kosa. Ila istilahi hiyo yaficha jambo moja: Waswahili wana mahali pengi pa kuweka chombo, na ni pachache tu penye paa.

Pwani, sababu ni maji yenyewe. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake Unguja hukaribia mita 4. Nyumba iliyofaa maji yakiwa yamejaa ingebaki mchangani yakipwa. Kwa hiyo mafundi huutumia mchanga huohuo: chombo hupwelewa, kikakalafatiwa, kikapakwa deheni, kisha maji hurudi kukichukua. Diko ni mahali pa kushushia samaki. Dago ni kambi ya wavuvi waliohama kwa msimu, na vibanda vyake ni vya watu, si vya ngalawa. Paa la makuti huonekana zaidi juu ya jahazi linaloundwa, ili jua lisipasue mbao.

Chelezo ni jambo jingine. Kamusi hulipa neno hili maana ya boya pia, lakini Mwanza ni mahali ambapo meli hupandishwa nchi kavu kutengenezwa.

Ziwa Kivu halina kupwa wala kujaa. Hapo nyumba ya mashua ingewezekana. Kizuizi ni uvuvi wenyewe. Sambaza, waliotolewa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Umbo pana kiasi hicho haliingii katika banda lolote la kawaida. Kinachohitaji mlango na kufuli ni nyavu, taa na injini.

Neno lililosalia ni bandari, nalo hubebeshwa mno. Mwaka 2024, mapigano yalipokata barabara ya Sake kwenda Minova, vyakula vingi vya Goma vilipitia ziwani. Tarehe 3 Oktoba boti iliyopakia kupita kiasi, ikitoka Minova, ilizama karibu na Kituku, na watu wengi wakafa. Kituku huitwa bandari, kama Mombasa inavyoitwa bandari. Msomaji wa mbali huweza kuwazia magati ya zege na makuli wenye zamu, hali Kituku ni soko la ukingoni, ambako boti hukaribia nchi kavu na abiria wakashuka na mizigo yao.