Aya ya "Mashahidi Watatu Mbinguni": Iliingiaje Katika Biblia?

AlhamduliLlaah, na swalah na salaam zimfikie Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Mtoto akirudi skuli akauliza nani aliyebadilisha Biblia na lini, kumwambia "imebadilishwa" hakumtoshi. Apewe mfano.

Waraka wa Kwanza wa Yohana, mlango wa 5 aya ya 7, katika chapa za zamani unataja mashahidi watatu mbinguni: Baba, Neno na Roho Mtakatifu, na kwamba watatu hao ni mmoja. Hakuna aya nyengine iliyoutamka Utatu waziwazi hivi. Lakini nakala kongwe za Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, hazina maneno hayo. Zinataja Roho, maji na damu tu. Wala hayamo ndani ya matini ya nakala yoyote ya Kigiriki iliyoandikwa kabla ya karne ya 14.

Yalianzia katika Kilatini. Wapo waliofasiri Roho, maji na damu kuwa ni ishara ya Utatu, na rai ya wataalamu wengi ni kwamba sherehe hiyo iliandikwa pembeni, kama hashiya tunazozijua katika vitabu vya madrasa. Mnakili aliyefuata akaitia ndani, akidhani ni maneno yaliyorukwa.

Mwanachuoni Erasmus alipochapisha Agano Jipya kwa Kigiriki mwaka 1516, na tena 1519, hakuyaweka. Akashutumiwa vikali. Kisha ikatokea nakala ya Kigiriki iliyo nayo, nayo imeandikwa karne hiyo hiyo ya 16 (ipo Dublin hadi leo). Chapa ya 1522 akayatia, na kwa njia hiyo yakafika katika Biblia ya Kiingereza ya King James, 1611. Wakristo wenyewe waliyaondoa katika tafsiri iliyosahihishwa ya 1881.

Tuwe waadilifu hapa. Tofauti nyingi za nakala ni za herufi au mstari uliorukwa, si hila. Na Utatu ulikuwa ukiaminiwa kabla ya nyongeza hii kuenea, basi usimwambie jirani yako kuwa dini yake yote imesimama juu yake. 'Ulamaa wetu nao wamekhitilafiana: Ibn Hazm alishikilia kuwa matamshi yenyewe yaligeuzwa, wengine wakaona upotoshaji mwingi ni wa maana. Adabu ya kujadiliana na Ahlul-Kitaab imo katika Suratul-'Ankabuut, aya ya 46.

Wa Allaahu A'lam.